Aliyembeba Mtoto Hayumo Kwenye Bango Kitita

Ukitaka kujua kama umeshakuwa mzee, nenda Wasso. Unashuka kwenye basi vumbi limekujaa hadi kwenye kope, hata chai hujanywa, na mtoto usiyemjua anakujia, anasimama mbele yako na kuinamisha kichwa. Hasemi shikamoo, anasubiri tu. Kama ni mara yako ya kwanza kufika Loliondo, umasaini kaskazini mwa Tanzania, utadhani amedondosha kitu na anakitafuta chini. Kumbe anangoja umguse utosini, umuitikie, naye aende zake na mbuzi wake. Siku moja nilijaribu kuhesabu vichwa nilivyovigusa kuanzia stendi hadi nilipofikia. Nilipovuka ishirini nikaacha, nikanunua kofia. Kama wananiona mzee kiasi hicho, basi na nivae kizee.

Nimeanza na salamu hiyo kwa sababu nataka kuzungumzia mafunzo ya malezi. Mafunzo haya yameenea nchini, mengi yana nia njema, na yakifika maeneo ya wafugaji huongea kana kwamba wenyeji hawajui kumgusa mtoto. Sidhani kuna mtoto wa Masaki au Mikocheni, Dar es Salaam, anayeguswa kichwa na watu wazima ishirini kabla ya saa sita mchana.

Katika zahanati moja ya kijiji, ambayo hainisaidii kitu kuitaja, niliwakuta kina mama wameketi chini ya mgunga siku ya kliniki. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii alikuwa ameshika bango kitita, anafunua ukurasa mmoja baada ya mwingine. Anasema kwa Kiswahili, mwenzake anageuza kwa Kimasai. Picha ilimwonyesha mama aliyeketi kwenye mkeka, mtoto mbele yake, na chupa ya maji iliyotiwa mawe madogo ili iwe kayamba. Mama anamtazama mtoto machoni, mtoto anacheka. Picha nzuri, ujumbe mzuri. Nyuma ya kina mama alisimama msichana wa miaka minane, labda tisa, mgongoni amefunga mtoto kwa shuka. Mtoto ametulia kabisa. Mhudumu akamuuliza, mama yako yuko wapi? Ameenda kuteka maji. Basi, mwambie aje mwenyewe mwezi ujao.

Msichana akaondoka na mtoto wake. Nasema “wake” kwa makusudi.

Kinachofundishwa pale kina jina rasmi: malezi yenye mwitikio. Kimo katika mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 uliotolewa na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia, na kimo katika programu yetu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021, ile ambayo watumishi wa halmashauri huiita kwa herufi zake, PJT-MMMAM, mpaka ulimi ukauma. Mzizi wake ni mfungamano. Mtoto mchanga huchagua watu wachache ambao akiogopa atawakimbilia, na wakiwa karibu atathubutu kutambaa mbali akachungulie dunia. Mfungamano ukiwa imara, mtoto hujifunza vizuri na hutulia haraka akiumia. Ukiyumba, huyumba na mengine. Kinachouimarisha ni kitu cha kawaida sana: mlezi kuona ishara ya mtoto, kuielewa, na kuijibu upesi kwa namna inayofaa.

Wanaoyaona mafunzo haya kuwa mambo ya Wazungu waniruhusu niwakumbushe yalikotoka. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda akimfuata mumewe aliyepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Alikuwa ametoka London, alikofanya kazi na John Bowlby, daktari aliyekuwa akijenga hoja kwamba mtoto humhitaji mlezi wake kwa kina kile kile anachohitaji chakula. Ainsworth alitaka kuchunguza desturi ya Baganda ya kumpeleka mtoto kwa bibi anapoachishwa ziwa. Akakuta desturi yenyewe imeanza kupotea, hapakuwa na cha kutosha kuchunguza. Badala ya kurudi nyumbani akaanza kukaa sebuleni mwa watu. Kwa miezi kadhaa alitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwa na mkalimani na daftari, akawatazama watoto wachanga wakilia, wakinyonya, wakimfuata mama kwa macho, wakitambaa na kurudi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Baada ya Uganda, akiwa Baltimore nchini Marekani, alitunga jaribio la dakika kama ishirini: mama na mtoto wanaingia katika chumba kigeni, anakuja mtu asiyefahamika, mama anatoka, mama anarudi. Jaribio hilo ndilo lililoipa taaluma hii kipimo chake.

Kwa hiyo elimu hii iliondoka kijijini Buganda mgongoni mwa mama, ikaenda Ulaya na Marekani kusoma, na sasa imerudi Loliondo ikiwa na nembo za wafadhili. Sina ugomvi na safari yake. Ugomvi wangu ni na yale iliyoyasahau njiani. Ainsworth alipokuwa Uganda hakuwa na bango kitita la kufunulia watu; alikuwa na macho, na alikaa muda mrefu kabla ya kusema neno.

Je, mafunzo yanasaidia? Ndiyo, na tusizunguke. Mwaka 2021 Joshua Jeong na wenzake walichapisha uchambuzi wa majaribio 102 kutoka nchi 33, yote yakihusu wazazi wa watoto walio chini ya miaka mitatu. Wazazi waliopata mafunzo walizungumza na watoto wao na kuwajibu vizuri zaidi, watoto wakaendelea vizuri zaidi kiakili na kilugha, na hata mfungamano wenyewe ukaimarika. Pale ambapo mafunzo yalilenga hasa huko kumjibu mtoto, faida ilikuwa kubwa zaidi. Huko Jamaika, katika miaka ya 1980, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwatuma wahudumu wa kawaida wa afya kwenye nyumba za watoto waliodumaa jijini Kingston, saa moja kila wiki kwa miaka miwili, mkononi wakiwa na vikorokoro vya kuchezea walivyovitengeneza wenyewe. Miaka ishirini baadaye watoto hao, sasa watu wazima wenye kazi, walikuwa wakipata kipato kikubwa kuliko wenzao wasiotembelewa kwa takribani asilimia 25. Ni miradi michache ya maji au barabara inayoweza kujisifia hivyo.

Lakini uchambuzi ule wa nchi 33 una mstari mmoja ambao hauwekwi kwenye vipeperushi. Mafunzo hayakuonyesha kupunguza dalili za sonona kwa wazazi wenyewe. Mzazi alijifunza kumtazama mtoto machoni, akajifunza kucheka naye, kisha akarudi kwenye mzigo wake ule ule. Nimeufikiria mstari huo kila nilipokutana na wanawake njiani kutoka Ololosokwan au Soit Sambu, ndoo kichwani au punda mbele.

Hapa itanibidi nisimulie kisa ambacho kila anayebeba bango kitita kwenda umasaini angepaswa kukijua. Mnamo miaka ya 1970 daktari wa magonjwa ya akili, Marten deVries, alikuwa akichunguza hulka za watoto wachanga wa Kimasai. Aliwapima 48 wakiwa na umri wa miezi minne au mitano. Miongoni mwao akawatambua kumi walio wapole kabisa, wanaolala kwa ratiba na kutulia haraka, na kumi walio wasumbufu kabisa, wa kulia usiku kucha. Kisha ukame ukapiga. Ng'ombe karibu wote wakafa, familia zikatawanyika. Aliporudi kuwatafuta, alizipata familia saba za watoto wapole na sita za wasumbufu. Kati ya wale wapole saba, watano walikuwa wamekufa. Kati ya wasumbufu sita, alikuwa amekufa mmoja.

Taarifa yake ilitoka mwaka 1984. Idadi ni ndogo, na mtakwimu yeyote atakunja uso. Hata hivyo ukiisoma huwezi kuendelea kumsifu mtoto kwa kusema “huyu hasumbui” ukabaki na amani. Katika njaa, yaelekea maziwa machache yaliyopatikana yalikwenda kwa aliyeyalilia, na yule aliyenyamaza akadhaniwa ameshiba. Wala hawa mama hawakukosa upendo. Walijibu ishara kama bango kitita linavyotaka, tatizo ni kwamba ishara zilitoka kwa watoto wenye sauti tu.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa mafunzo ya malezi yalete nini Wasso, sitaanza na kayamba la chupa. Nitaanza na mtoto aliyetulia. Mfundishe mlezi kumtilia shaka mtoto anayenyamaza kupita kiasi: amshike, amsemeshe, amchokoze kidogo, aone kama macho yanamfuata. Kwa mtoto wa mjini mwenye maziwa kabatini hilo ni somo la makuzi. Kwa mtoto wa ukame linaweza kuwa somo la uhai. Na halihitaji mafunzo marefu. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, wakiongozwa na Marian Bakermans-Kranenburg, walichambua mwaka 2003 tafiti 70 za aina hii na kukuta kwamba programu ndefu zinazogusa kila kitu hazikuwa bora kuliko zile fupi zilizoshika tabia moja iliyo wazi. Waliipa makala yao jina lenye maana kwamba kidogo huzidi kingi. Waandaaji wa semina zetu za siku tano hotelini, na posho zake, huenda hawakuipenda.

Sasa nimrudie yule msichana. Vitabu vingi vya mfungamano vimeandikwa kama vile duniani kuna mama mmoja na mtoto mmoja, na mlango umefungwa. Boma halina mlango wa namna hiyo. Mtoto wa Kimasai analala na mama, anashinda na koko, yaani bibi yake, anabebwa na dada, anapakatwa na mke mwenza, anaguswa kichwa na kila mpita njia. Sijui jaribio la Baltimore lingefanyikaje hapa, maana tungehangaika wiki nzima kumtafuta mtu mzima ambaye mtoto amefundishwa kumwona mgeni. Ukiteremka kwa Wasonjo, kule Samunge na Digodigo, maisha ni ya mifereji na mashamba, mambo ni tofauti kidogo, lakini mtoto yuko mgongoni mwa dada vile vile.

Si Wamasai na Wasonjo peke yao. Robert LeVine na kundi lake waliishi na Wagusii wa magharibi mwa Kenya kati ya 1974 na 1976, wakawalinganisha na kina mama wa Boston. Mama wa Kigusii hakumwacha mtoto alie. Alimchukua na kumbembeleza upesi kuliko wa Boston. Lakini alizungumza naye kidogo, na mtoto alipomkazia macho kwa furaha, mama aliangalia kando. Yule wa Boston alipiga soga na kitoto kisichojua neno hata moja. Nani kati yao ana mwitikio? LeVine alisema wote wanao, ila kila mmoja amelenga kwake: mmoja anataka mtoto aishi na atulie, mwingine anataka mtoto aongee. Mwitikio wa kwanza unazaa mtoto mtulivu. Wa pili unazaa mtoto atakayemwambia mwalimu “mimi sikubaliani.”

Wapo wasomi waliochukua hoja hii wakaifikisha mbali, wakasema basi tuache, kila utamaduni na wake, mafunzo yote ni ukoloni mpya. Siwafuati huko. Mtoto wa Wasso wa leo ataketi kwenye dawati, atasikia Kiswahili ambacho hakukisikia nyumbani, na mbele ya mwalimu ataangalia chini kama alivyofunzwa kuheshimu, aonekane mzito. Maneno anayosemeshwa akiwa na miezi kumi, kwa Kimasai chake hicho hicho, ni mtaji. Tena tusijidanganye kwamba desturi yote ni asali. Utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya Watanzania walipigwa, kupigwa hasa, kabla ya kutimiza miaka 18, na wapigaji wakubwa walikuwa ndugu na walimu. Sheria ya Mtoto ya 2009 yenyewe bado imeacha nafasi ya adhabu ya “kadiri”. Mkono unaogusa utosini asubuhi ndio huo huo unaoshika fimbo jioni, umasaini na kwingineko. Mafunzo yanayomwonyesha mzazi njia nyingine ya kumrudi mtoto nayapokea kwa mikono miwili.

Ila yamfikie nani? Hapo ndipo ninapong'ang'ana. Fedha za miradi humfuata mama kwa sababu mama ana kadi ya kliniki, anahesabika. Baba wamekuja kukumbukwa hivi karibuni. Katika mkoa jirani wa Mara kulifanyika jaribio kubwa lililohusisha vijiji 80, ambapo baadhi ya vijiji viliwafundisha akina baba pamoja na wake zao kuhusu lishe na malezi. Jambo jema. Loliondo hata hivyo utamkosa baba mara nyingi, maana vijana wengi wa kiume wanalinda mageti Arusha na Dar es Salaam, au wanauza shanga kwenye fukwe za Zanzibar, na sauti yao inafika bomani kwa simu siku mtandao ukipatikana. Koko yupo. Dada yupo. Hawa wawili ndio wanaokaa na mtoto saa ambazo mama yuko kwenye maji, kuni na ndama, na hawa wawili hawana picha kwenye bango kitita.

Nasi hatujawa wepesi wa kuwalinda walezi hawa. Tangu Juni 2022 familia zimekuwa zikihama kutoka Hifadhi ya Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari, wapo wanaobisha vikali, na ugomvi huo una kurasa zake katika gazeti. Mimi naomba tu kila anayepanga uhamisho aulize swali ambalo afisa ustawi wa jamii angeuliza: katika familia hii, mtoto mdogo humkimbilia nani akiogopa, na je, mtu huyo yumo kwenye lori? Kama koko amebaki Endulen, ndani ya hifadhi, na mjukuu yuko Handeni, hakuna semina itakayoziba hapo. Mwaka huo huo, mwezi huo huo, vigingi vilisimikwa Loliondo na kilomita za mraba 1,500 zikatengwa kuwa eneo la uhifadhi la Pololeti. Ukipunguza malisho unamrefushia mchungaji njia, na mchungaji huyo mara nyingi ni kaka wa miaka kumi aliyekuwa akicheza na mdogo wake.

Na kuna bweni. Machi 2023 Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne isipokuwa kwa kibali, ikieleza kwamba watoto wadogo kiasi hicho wanahitaji kushikamana na familia zao. Niliposoma nikajisemea, Ainsworth amefika wizarani. Kwa Mbezi na Tegeta waraka ni mwepesi kuutii. Kwa boma ambalo shule iko saa tatu kwa miguu na njiani kuna tembo, kumrudisha mtoto kwa mama ni kumtoa shuleni, na kumpa kibali cha bweni ni kumtoa kwa mama. Sioni jibu jingine zaidi ya shule kusogezwa, angalau madarasa mawili ya mwanzo, hata yakiwa chini ya mgunga na mwalimu anayejua Kimasai. Ni ghali, ndiyo.

Lakini kuna lisilo ghali. Yule msichana aliyeambiwa “mwambie mama aje” angeweza kuketi pale pale. Ana mikono, ana akili, ana mtoto, na ana saa sita za kukaa naye kila siku asiyokwenda shule. Anajua mtoto analala upande gani na anacheka ukimfanyia nini. Angeonyeshwa jambo moja tu: huyu aliye mgongoni, ametulia tangu umefika. Mteremshe tumwone. Msemeshe. Kisha angekwenda kumwonyesha koko, na koko angecheka kwamba hayo anayajua tangu enzi, jambo ambalo huenda ni kweli, na wangemsemesha wote wawili.

Mhudumu nilimwambia hivyo baadaye, tukinywa chai. Hakukasirika. Alisema fomu anayojaza ina safu ya mama na safu ya baba, na kwamba akimwandika dada, wa wilayani watamrudishia. Halafu akafikiri kidogo, akasema wasichana wote wenye watoto mgongoni anawajua walipo. Wako bombani. Jumamosi hakuna shule, na foleni ya maji huanza alfajiri hadi jua la utosi.

Nilimuuliza Jumamosi huwa yuko wapi. Akasema, “Mimi pia nachota pale.”